Chuma cha kuzuia kulika: nimeshafunga cha aina tatu, haya ndo niliyoyaona

Nianze na tundu. Lilikuwa dogo tu, la kupitisha kidole, chini ya hopa ya krasha (mashine ya kuvunja mawe) pale mawe yanapodondokea, na nililigundua kwa sababu vumbi lilikuwa linachuruzika kama unga kwenye gunia lililotobolewa na panya. Tukapiga kiraka. Kiraka kikatoboka pembeni, tukapiga kiraka juu ya kiraka, mpaka siku moja fundi wetu wa kuchomelea akavua kinyago akaniambia bosi, hapa sasa nashona shati ambalo kitambaa kimeisha. Ile hopa ilikuwa chuma cha kawaida, kile laini kinachojaa kila karakana, ukikipima ugumu kwa kipimo cha Brinell kinatoa 120 mpaka 150 hivi, na mchanga wa kwatzi uliomo kwenye mawe ni mgumu mara kadhaa zaidi ya hapo. Ni sabuni na msasa, ulitegemea nini.

Tangu siku hiyo nimeshanunua na kufunga chuma cha kuzuia kulika cha aina tatu kubwa na vingine vidogo vidogo, na nimeharibu vya kutosha mpaka nina haki ya kuongea. Ninachotamani mtu angenishika sikio akaniambia mapema ni kwamba "chuma kigumu" si jina la kitu kimoja. Wauzaji wanakutajia namba za ugumu, 400, 500, 60, basi, hawakwambii kilitengenezwaje, na kumbe namna kilivyotengenezwa ndo inayoamua kitakufa vipi. Kuna kinachokufa kwa kulika taratibu, kuna kinachokufa kwa kupasuka, na kuna kimoja kinakufa kwa sababu umekiweka mahali ambapo hakuna wa kukipiga. Hicho nitakifikia.

Tuanze na sahani ya kuchovywa majini maana ndo rahisi kuielewa. Hii ndo utaikuta kwenye baketi za eskaveta na kwenye bodi za malori ya kubeba mawe, na jina linalotajwa sana ni Hardox ya SSAB ya Uswidi, ingawa viwanda vingine vingi vina za kwao. Wanavyofanya ni hivi: bonge la chuma linapashwa moto linapitishwa kwenye marola mpaka linakuwa sahani, halafu sahani inapashwa tena mpaka karibu nyuzi 900, na ikiwa nyekundu vilevile inaingizwa katikati ya mabomba yanayoimwagia maji juu na chini kwa pamoja. Inapoa ghafla. Kaboni iliyokuwa imetulia ndani ya chuma cha moto inakosa muda wa kutoka, inanaswa palepale, na chuma kinabadilika ndani kwa ndani kuwa wanachokiita matensiti, ambacho ndo huo ugumu unaoulipia. Viwanda vingine vinaruka hiyo hatua ya kupasha mara ya pili, vinachovya sahani ikitoka tu kwenye marola. Na kuna boroni inatiwa, kiasi cha kuchekesha, asilimia 0.001 mpaka 0.003 hivi, yaani chumvi ya kuonja, lakini bila hiyo ugumu ungebaki juu juu kwenye ngozi usiingie ndani.

Nilichokipenda ni kwamba unabaki na sahani ya kawaida ya kufanyia kazi. Unaikata, unaikunja (ya 400 na 450 inakunjika vizuri tu ukiwa na presi yenye nguvu na usipong'ang'ania kona kali), unaitoboa kwa biti ya kobalti ukienda polepole bila kuilazimisha. Ya 450 ugumu wake kwa Brinell uko kati ya 425 na 475, na jiwe likiiangukia inabonyea kidogo, haivunjiki. Tulipoifunga kwenye hopa tukasahau habari ya viraka kwa muda mrefu sana, mpaka fundi akawa ananitania kwamba nimemnyima kazi.

Shida ikaja kwenye baketi ya loda. Tulitaka mdomo mpya, tukachukua ya 500, nene, milimita 40, fundi akaweldi siku nzima na mshono ukatoka mzuri mpaka tukapiga picha. Stiki za kuweldia alizotumia zilikuwa kwenye pakiti iliyofunguliwa wiki iliyotangulia, na chuma hakikupashwa hata kidogo kwa sababu hakuna aliyejua kama kinatakiwa kupashwa. Kesho yake mchana nikapitisha ukucha pembeni ya mshono, si kwenye mshono wenyewe, pembeni kabisa, nikahisi kitu kama unywele. Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta vizuri na kitambaa, nikasugua chaki juu. Tukasimama tukiangalia. Baada ya dakika chache mstari mweusi ukaanza kujichora wenyewe kwenye chaki, unatembea, ukafika urefu wa kiganja halafu ukaendelea.

Kumbe ni haidrojeni. Unyevu ulio kwenye stiki unapasuliwa na moto, haidrojeni inazama kwenye chuma, na ile sehemu ya jirani na mshono iliyopashwa ghafla na kupoa ghafla imekuwa ngumu, haina pa kunyooka. Haipasuki mbele ya macho yako. Inasubiri masaa, hata siku mbili, ndo maana waliosoma wanakwambia usikague mshono wa chuma hiki siku hiyohiyo. Dawa yake ni stiki za haidrojeni ndogo zilizokaushwa kwenye oveni na zikatumika zingali moto, na sahani nene kuipasha kwanza nyuzi 150 mpaka 200 kutegemea unene na aina yake. Ila usijisahau na tochi ya gesi, maana ukivuka 250 unaanza kuua ugumu uleule uliounuia kuununua. Yaani dirisha ni jembamba na unalichungulia na chaki ya kupimia joto.

Hiyo ya joto ilitukuta pia kwenye kukata. Tulikata vipande vyembamba kwa gesi, upana wa vidole vitatu, vya kuvalisha kingo za baketi, vikalika upesi hata nikadhani tumeuziwa feki. Si feki. Moto wa gesi uliingia pande zote mbili ukakutana katikati, ukalainisha kipande chote. Sahani pana haina shida hiyo, inaharibika ukingo tu. Kama unataka vipande vidogo tafuta anayekata kwa maji ya presha, au angalau plazma. Kwa ujumla hii naipa nne kati ya tano, na ile moja niliyoitoa ni ya fundi na mimi si ya chuma, lakini naitoa.

Sasa manganisi. Hiki ndo chuma kilichonifundisha adabu na ndo ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo mtanivumilia nitarefusha.

Alikigundua Robert Hadfield kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Watu walishajua kwamba ukizidisha manganisi kwenye chuma kinakuwa cha kuvunjika vunjika, wakaishia hapo, yeye akaendelea kumwaga tu mpaka akafika asilimia 12 na zaidi, na kaboni yake ikiwa asilimia 1 na ushee, akakuta upande wa pili kuna chuma ambacho hakifanani na chochote. Hakishikwi na sumaku. Ukikipiga ndo kinakuwa kigumu. Kofia za chuma za askari wa Uingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa za hiki, na makutano ya reli mpaka leo yanatengenezwa kwa hiki, maana kila gurudumu linalopita linayapiga nyundo.

Kinatengenezwa kwa kusubiwa, kinamiminwa kwenye ukungu wa mchanga kikiwa kimeyeyuka, na kikipoa chenyewe humo kinatoka kibovu, kabidi (vipunje vigumu vya kaboni iliyoungana na chuma) zimejipanga kwenye mipaka ya chembe zake, ukikipiga kinaachia. Kwa hiyo kinapashwa tena mpaka nyuzi 1050 hivi kabidi ziyeyuke, halafu kinatumbukizwa majini. Hapa ndo nilishangaa. Maji yaleyale! Ile sahani ya kwanza ukiichovya inakuwa ngumu, hiki ukikichovya kinakuwa laini na kinakataa kuvunjika. Kinatoka majini na ugumu wa 200 hivi tu, muuzaji asiyejua anaona hata aibu kuutaja, halafu unakifunga kwenye taya za krasha, mawe yanakitwanga, na ngozi yake inapanda mpaka 500 na kuendelea huku ndani ikibaki laini. Ngozi ikilika, iliyo chini inatwangwa inakuwa ngumu nayo. Ni kama kiganja cha mtu anayelima, sugu inajiota yenyewe.

Taya zetu za manganisi sina malalamiko nazo, tano kati ya tano, isipokuwa zina tabia ya kutanuka. Chuma kinatwangwa kinasukumwa pembeni kama ugali kwenye sahani, kingo zinavimba, na usipozikata kwa grenda mapema taya inajibana kwenye fremu na siku ya kuitoa utaomba msaada wa majirani. Kitu kingine, taya nene sana ni za kuuliza maswali, kwa sababu maji hayafiki katikati upesi na kabidi zinaweza kubaki humo. Yetu moja iliwahi kupasuka katikati, ukiangalia pale ilipopasukia ndani palikuwa na chembe kubwa zinametameta, nje pamekwaruzika vizuri. Aliyeisubu simtaji.

Makosa niliyoyafanya mimi mwenyewe ni haya. Tulibakiwa na sahani ya manganisi, nikasema si chuma kigumu hiki, tuivalishe kwenye chuti, ule mfereji wa kuteremshia, ya mchanga mwembamba. Ililika kama sukari. Mchanga unateleza tu, haupigi, kwa hiyo ngozi haikuwahi kuamka, ikabaki na ule ugumu wake wa 200 na mchanga ukaila. Nilikuwa nimemwajiri bondia nikamweka afagie.

La pili ni la fundi, ila nina sehemu yangu. Si mnakumbuka kwenye baketi tulijifunza kupasha? Basi akaletewa nyundo ya krasha ya manganisi iliyolika akaambiwa aijazie, naye kwa uaminifu kabisa akawasha tochi akaipasha mpaka ikaanza kuiva rangi, akaijazia taratibu, akaifunika ipoe polepole kama alivyoelekezwa kwenye sahani. Nyundo ikafungwa, ikapiga kazi muda mfupi ikakatika shingoni. Manganisi ukikipasha na kukiacha kipoe polepole unazirudisha zile kabidi ambazo kiwanda kilihangaika kuziyeyusha, umekirudisha kwenye ukungu. Hiki kinataka kinyume chake: mshono mfupi, acha kipoe, mshono mwingine, kisivuke nyuzi 300, kuna wanaokiweka nusu kwenye maji wakati wanaweldi na wako sahihi. Fundi aliniuliza, sasa bosi chuma kimoja upashe kingine usipashe, na vyote vinaitwa chuma cha kulika polepole, mtu atajuaje? Nikakosa jibu la haraka. Jibu lilikuwa sumaku. Manganisi haishikwi, au inashikwa kidogo sana juu juu kwa sababu ngozi iliunguzwa tanuruni ikapoteza kaboni na manganisi kidogo. Ile nyingine inashikwa mpaka unahangaika kuibandua.

Cha tatu ni sahani ya kujazia, yaani sahani ya chuma laini ambayo juu yake kiwanda kimechomelea tabaka la kromu na kaboni nyingi, mashine inatembea mstari kwa mstari mpaka sahani nzima imefunikwa. Utaiona inaandikwa 6+4 au 8+6, milimita za chini ni chuma laini na za juu ndo tabaka. Hapa hakuna habari ya maji kabisa. Ugumu unatokana na kabidi za kromu zinazoota zenyewe wakati ule uji unaganda, na kabidi hizo zina ugumu wa 1500 na zaidi kwa Vickers, kipimo kingine cha ugumu, wakati kwatzi iko kwenye 1100 hivi. Yaani hiki ndo chuma pekee kati ya hivi vitatu ambacho kina kitu ndani yake kinachoishinda kwatzi. Matensiti ya sahani ya 500 inalika polepole lakini inalika, mchanga bado unaikwaruza.

Ilipofika nikafungua pakiti nikakuta imejaa nyufa. Kila baada ya sentimita moja au mbili ufa umekatiza mstari wa weldi, sahani nzima. Nikampigia muuzaji nikiwa nimewaka, nikamwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Akanisubiri nimalize akasema, kaka, isingekuwa na nyufa ndo ningekuwa na wasiwasi. Na ni kweli. Lile tabaka likipoa linasinyaa na haliwezi kuvutika, kwa hiyo linajipasua lenyewe kutoa mkazo, nyufa zinaishia kwenye chuma laini cha chini hazishuki zaidi. Niliomba radhi baadaye, alicheka.

Kuifanyia kazi ni mateso. Gesi haiikati, kromu inakataa, lazima plazma na ni vizuri ukatie upande wa mgongo ulio laini. Kutoboa usahau, tulichofanya ni kuchomelea bolti mgongoni na kuifunga kwa nati kutoka nje. Lakini kwenye chuti ya mchanga, palepale manganisi ilipoaibika, imekaa mpaka sasa na michirizi ya weldi bado inaonekana sehemu nyingi. Tano kati ya tano kwa mchanga unaoteleza. Kwa mawe yanayodondoka mbili, maana kipande nilichokiweka chini ya mdomo wa mkanda kilibanduka vigae vigae. Na uangalie wanaojaza tabaka moja jembamba kwa haraka, moto unayeyusha chuma cha chini kinapanda kuchanganyika na tabaka, kromu inapungua, unapata kitu kinachofanana na mali lakini kabidi chache. Waulize kemia ya juu kabisa ya tabaka, si ya waya walioutumia.

Vingine kwa ufupi. Chuma cha kusubu chenye kromu nyingi, kile cheupe kikivunjika, ni kizuri sana ndani ya pampu za tope na kwenye kusaga, kabidi zake ni zilezile za sahani ya kujazia ila zimo kote mpaka ndani, na ni cha kuvunjika, usikigonge na nyundo wakati wa kufunga kama nilivyofanya. Pini na bushi tunatumia za kupikiwa kaboni: zinakaa masaa kwenye tanuru la gesi ya kaboni nyuzi 900 na kitu, kaboni inazama milimita moja hivi, zikichovywa ngozi inakuwa ngumu na moyo unabaki mvumilivu. Ikishalika hiyo milimita, basi, ni ya kutupa, usiisubirie.

Kuhusu namba. Muuzaji mmoja alinionyesha sahani "ya 500" kwa kamashine ka mkononi, akakaweka juu ya magamba meusi ya sahani, kakatoa 503, akanitazama kama amemaliza mjadala. Kipimo cha Brinell chenyewe ni kigololi cha kabidi cha milimita 10 kinachokandamizwa kwa kilo 3000 halafu unapima upana wa shimo, na kabla ya hapo ngozi inasagwa kidogo kwanza kwa sababu ya juu imepoteza kaboni. Nikamwomba asage. Akasema haina haja. Nikasaga mwenyewe na grenda niliyokuwa nayo garini, kamashine kakasoma 300 na kitu, mara mbili, mara tatu. Tuliagana vizuri tu.

Hata namba ikiwa ya kweli haikwambii yote. Ugumu wa jumla wa sahani ya kujazia ni kama 60 kwa Rockwell, kipimo kingine tena, na kuna chuma cha visu chenye 60 hiyohiyo, ukiviweka kwenye mchanga havilingani hata kidogo, kwa sababu kipimo kinapima wastani lakini mchanga unakutana na kabidi moja moja. Ukitaka kulinganisha kwa haki omba matokeo ya jaribio la G65 la ASTM, shirika la viwango la Marekani, lile la gurudumu la mpira linalozunguka huku mchanga mkavu ukidondoka kati yake na chuma, mizunguko 6000 kwa lile la utaratibu A, kisha wanapima uzito uliopotea na kuugeuza kuwa ujazo. Ila nalo linapima kukwaruzwa tu, halina jiwe linalodondoka. Kwa G65 manganisi itaonekana takataka na si takataka.

Kwa sasa hopa yetu juu, pale mawe yanapoangukia, ina 450. Chini inapoanza kuteleza ni ya kujazia, taya ni manganisi, mdomo wa baketi umerudiwa kwa stiki kavu na chaki ya joto na huu ni msimu wa pili. Fundi ameandika kwa rangi kwenye ukuta wa karakana INASHIKA: PASHA. HAISHIKI: USIPASHE, na chini yake kaning'iniza sumaku kwa kamba. Hiyo ni sumaku ya tatu, mbili zimeshaibwa.